Jibu: Asteroidi, kometi na kimondo vinatofautianaje?

Mkuu, umeuliza mwanao wa darasa la sita atofautisheje asteroidi, kometi na kimondo. Swali zuri, maana hata watu wazima wengi huvichanganya.

Asteroidi ni mwamba unaolizunguka Jua. Nyingi ziko kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Kometi nayo hulizunguka Jua, ila imejaa barafu na vumbi. Ikilikaribia Jua, barafu hugeuka gesi na mkia hutokea. Mwambie hili, kwani mitihani hulipenda: mkia wa gesi huelekea upande ulio mbali na Jua daima, hata kometi inapoondoka. Kometi ya Halley ilionekana 1986 na itarudi 2061. Mwanao ana nafasi nzuri ya kuiona!

Kimondo ndicho hicho watu wanachokiita nyota inayoanguka. Si nyota hata kidogo. Mara nyingi ni chembe ndogo kama mchanga inayoingia angahewa kwa kasi kubwa mno na kuwaka kilometa zipatazo 100 juu yetu. Vikubwa vichache hufika ardhini, na kimojawapo tunacho hapa Tanzania: kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa takriban meta 3. Ukipata nafasi mpeleke akaliguse.

Kama safari ni ngumu, tokeni nje usiku wa kuamkia 14 Desemba, mbali na taa. Vimondo huwa vingi sana usiku huo, na chanzo chake ni asteroidi iitwayo Phaethon.