Uyoga Mgumu Kwenye Gogo la Msonobari: Ugeuze Kwanza

Watu wakiniomba niwatambulie uyoga mgumu uliojitokeza kama rafu ubavuni mwa msonobari uliooza, karibu kila mara picha imepigwa kutoka juu. Na juu ndiko kunakodanganya. Fomitopsis pinicola, mmoja wa uyoga hao wa rafu, huanza na weupe, hupata mkanda mwekundu au wa rangi ya chungwa karibu na ukingo, kisha uzeeni huwa wa kijivu au mweusi. Ukizikuta hatua zote hizo kwenye gogo moja utaapa ni aina tatu.

Mimi huanza na mbao. Vunja kipande kilichooza. Kikiwa cha kahawia, kimepasuka vipande vya mraba na kinasagika vidoleni, selulosi (nyuzi za mbao) imeliwa na lignini (kinachozigandisha nyuzi hizo) imebaki: fikiria Fomitopsis au uyoga mwingine wa rafu, Gloeophyllum. Kikiwa cheupe chenye nyuzinyuzi, lignini nayo imeliwa, na hapo uyoga uitwao Trichaptum abietinum ni wa kufikiriwa.

Sasa geuza uyoga, na usiwe na haraka. Vitundu vidogo vya mviringo, rangi ya maziwa, chini ya uyoga mnene na mgumu, vinaelekea Fomitopsis. Ukiona vibamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu, uyoga ni mwembamba, wa rangi ya kutu, na ukingo unaokua ni wa manjano au chungwa, huyo ni Gloeophyllum sepiarium. Zambarau, hasa pembezoni, ni ya Trichaptum. Ila hufifia ikawa kahawia, kwa hiyo tafuta ulio mchanga.

Anayechanganywa sana na Fomitopsis ni Ganoderma, uyoga mwingine mgumu wa rafu. Weka kipande juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, vitundu vikitazama chini, funika kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi tazama vumbi la spora (chembe za uzazi) lililodondoka: la kahawia ni Ganoderma. Jeupe au la manjano hafifu ni Fomitopsis. Wako wanaochoma gamba la juu la uyoga kwa kiberiti: la Fomitopsis huyeyuka. Fanyia nyumbani, si katikati ya msitu mkavu.

Kuhusu jina, kama uko Marekani au Kanada, andika “kundi la Fomitopsis pinicola” tu. Mwaka 2019 wataalamu walitenga aina za huko, zikiwemo Fomitopsis mounceae na Fomitopsis schrenkii, na kwa macho matupu kuzitofautisha ni kubahatisha.