Kyoto na bi mkubwa mwenye magoti mabovu: anza na treni, basi liwe la mwisho

Mkuu, umeuliza kama ununue pasi ya basi ya siku moja, maana unakwenda Kyoto, Japani, siku nne na bi mkubwa, yaani mama yako, na magoti yake yanamsumbua. Pasi hiyo haipo tena. Waliacha kuiuza mwaka 2023, na tangu mwisho wa Machi 2024 haipokelewi, ingawa watu bado wanaipendekeza kila kona. Iliyobaki ni ya basi na treni ya chini ya ardhi kwa pamoja, yeni 1,100. Ila kwa hali ya mama, mimi nisingeanza na habari za pasi.

Nilikaa Kyoto wiki tatu mwezi Novemba, majani yamegeuka mekundu na mji umefurika wageni. Siku ya pili nikapanda basi namba 206 kwenda hekalu la Kiyomizu-dera. Namba hiyo ni ya mzunguko, inatoka stesheni kuu na kurudi palepale, na mabasi yake yanakwenda pande zote mbili. Nikapanda la upande wa magharibi, kumbe hekalu liko mashariki. Nilizunguka karibu mji mzima nimesimama, nimebanwa, mkono mmoja juu, na hekaluni nikafika alasiri wakati niliondoka asubuhi. Mzazi wako asipitie hayo. Kuanzia kesho yake nilifuata utaratibu mmoja: treni inabeba sehemu kubwa ya safari, kipande kinachobaki natembea au nachukua teksi, basi ni pale tu reli isipofika.

Kila mmoja awe na kadi yake ya ICOCA, ya kulipia nauli, unaijaza pesa kabla. Ni yeni 2,000, na kati ya hizo 500 ni amana. Inafanya kazi kwenye treni za JR na za Keihan (kampuni mbili za reli), za chini ya ardhi na kwenye mabasi. Kama mnatokea Tokyo na Suica, kadi ya namna hiyohiyo ya huko, inatosha, msinunue nyingine.

Fushimi Inari, lile hekalu la malango mekundu, ni vituo viwili tu kwa JR kutoka stesheni kuu, yeni 150. Soma ubao kabla ya kupanda, kwa sababu treni ya haraka inapita Inari bila kusimama. Mkitoka stesheni mnavuka barabara na lango jekundu hili hapa. Huko juu mlimani ni ngazi tupu, mama aishie kwenye malango ya mwanzo, na hapo penyewe pana uzuri wa kutosha.

Kwenda Gion, mtaa wa kale, panda treni hiyohiyo kutoka stesheni kuu kituo kimoja hadi Tofukuji, uhamie Keihan, ushuke Gion-Shijo. Kiyomizu-dera ushuke Kiyomizu-Gojo kisha uchukue teksi, kwa sababu kile kilima kitamuumiza. Mlango wa nyuma wa teksi dereva anaufungua mwenyewe, msiuvute. Arashiyama, upande wa magharibi wa mji, ni JR tena kutoka stesheni kuu hadi Saga-Arashiyama, kama robo saa.

Kinkaku-ji, hekalu la dhahabu, ndiko reli haifiki. Panda treni ya chini ya ardhi ya njia ya Karasuma hadi Kitaoji, kisha basi la 204 au 205 kutoka hapo. Ni kipande kifupi kuliko kusota na basi kutoka stesheni kuu.

Basi lenyewe ni yeni 230 ndani ya mji. Unapandia mlango wa nyuma, unashukia wa mbele, unalipa unaposhuka. Hakuna konda, na sanduku la nauli halirudishi chenji. Lina sehemu ya kuvunjia noti ya 1,000. Nilimwona bibi mmoja akisogea mbele gari liliposimama kwenye taa nyekundu, akavunja noti yake, akahesabu sarafu kiganjani, mbili za mia na tatu za kumi, akazikamata mpaka kituo chake. Nanyi kama hamna kadi, fanyeni hivyo mapema.

Kilichonifungulia mji huu ni kujua barabara zake. Kyoto ilipimwa kwa mistari iliyonyooka tangu mwaka 794, na majina ya barabara nyingi kubwa za kukata mashariki na magharibi ni namba: Sanjo ya tatu, Shijo ya nne, Gojo ya tano. Namba ikipanda, unaelekea kusini. Kwenye anwani utakuta neno "agaru", yaani kupanda, maana yake kaskazini, na "sagaru", kushuka, ni kusini. Anwani ya hoteli yangu ilikuwa na "sagaru". Nilipoelewa hilo, simu niliiacha mfukoni. Milima iko mashariki, kaskazini na magharibi, kwa hiyo upande usio na mlima ndio wa stesheni kuu.

La lifti usilisahau. Stesheni zinazo, lakini si kwenye kila mlango wa kutokea. Msikimbilie ngazi iliyo karibu, fuateni kwanza alama ya lifti hata ikiwapeleka mbali kidogo, kisha mrudi kwa juu polepole. Hoteli yenu iko karibu na barabara gani? Ukiitaja hapa nitakuandikia mpango wa siku ya kwanza.