Ndege ya Kisumu–Nairobi ni dakika 45 tu, bado napunguza swala?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi niko Kisumu na kazi hunipeleka Nairobi mara kwa mara, naenda asubuhi ama mchana na kesho yake narudi. Ndege ikishapaa ni kama dakika 45 tushatua, hata sijachoka. Rafiki yangu anasema qasri, yaani kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili, ni ya watu wa basi wanaokaa barabarani masaa saba nane, mimi sina haki nayo. Ni kweli? Na nikiwa nimefunga, nifuturu kwa jua la Kisumu ama la Nairobi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Rafiki yako amechanganya, manake hakuna mahali tumeambiwa uchoke kwanza. Kinachoangaliwa ni masafa, na sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, ambao ndio wengi huku kwetu, tunahesabu marhala mbili, mwendo wa siku mbili wa wanyama wa mizigo, ambao kwa vipimo vya leo ni kilomita 80 na kitu. Kisumu Nairobi hata ukipima moja kwa moja hewani ni kama 265, kwa barabara ni zaidi ya 340, kwa hivyo umepita mbali sana. Kama ni masaa yanahesabiwa, basi mtu akikwama kwa jam masaa matatu akienda Kakamega angekuwa msafiri, na ile ni kilomita 50 hivi tu, anaswali nne zake kamili.

Aya ya 101 ya Suratun Nisaa imetaja kupunguza swala mkihofia makafiri, na Sayyidna Umar alishangaa mbona tunapunguza na hofu imeisha, akamuuliza Mtume s.a.w., akajibiwa hiyo ni sadaka Allah amewapa, basi ipokeeni sadaka yake. Sasa hofu yenyewe iliondoka na ruhusa ikabaki, seuze uchovu?

Lakini angalia unaanzia wapi. Hupunguzi ukiwa nyumbani eti kwa sababu tiketi iko kwa simu, mpaka uache majengo ya mji, na airport ya Kisumu mimi naihesabu bado ni mjini, so ukiwa pale umekaa na begi lako unangoja kuitwa, adhuhuri ni rakaa nne. Ndege ya saa tisa, swali adhuhuri kamili kabla ya kutoka, alasiri utaiswali mbili Nairobi. Magharibi ni tatu vile vile, alfajiri haiguswi. Na ukiingia msikiti wa Nairobi ukamfuata imamu mwenyeji unakamilisha nne pamoja naye, usitoe salamu katikati ukawaacha watu wanakuangalia. Siku ukipelekwa ukae siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hapo unaswali kamili tangu ufike.

Kufuturu ni kwa jua la pale ulipo wewe. Saa zetu ni moja Kenya nzima ila jua la Nairobi linatangulia kuzama kama dakika 8, Mombasa kama 20, so ukishatua Nairobi na jua limezama futuru, usingoje Kisumu. Ukiwa bado hewani na unaliona dirishani, ngoja, hata kama watu wa chini washaanza uji. Anayerudi Kisumu jioni ndiye huongezewa kidogo juu anafuata jua, avumilie tu. Na ukisafiri baada ya alfajiri tayari umefunga, kwa Mashafii unaendelea na saumu yako mpaka mwisho, Mahanbali, wale wa madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal, ndio wameruhusu kufungua.

Wallahu aalam.