Raheli Naye Alikuwa na Mkunga

Sista, mtoto wa kwanza nilijifungua kwa upasuaji mwaka 2022. Sasa nina wiki 35. Daktari anasema nizalie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Mtumishi kanisani ametangaza kuwa nitazaa kama wanawake wa Kiebrania, kabla mkunga hajafika, na kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani. Nimsikilize nani? (Mama Imani, Kayole)

Msikilize daktari, dada yangu. Wala hajakukataza kuzaa kwa njia ya kawaida. Kati ya wanawake wanne wanaojaribu baada ya upasuaji mmoja, karibu watatu hufaulu. Lakini kwa takriban mmoja kati ya 200, kovu la zamani hufunguka katikati ya uchungu, na hapo mama na mtoto wana dakika chache tu. Ndiyo maana unatakiwa uwe karibu na damu, na kisu, na mtu wa kusikiliza moyo wa mtoto usiku kucha.

Sasa nije kwa hilo andiko, maana nimechoka kulisikia likitumiwa vibaya. Ni Kutoka 1. Wanaosema maneno hayo ni Shifra na Pua, wakunga, wakiwa wamesimama mbele ya Farao aliyewaamuru kuua watoto wa kiume. Walikuwa wanaokoa watoto. Na aya inayofuata yasema Mungu aliwatendea mema wakunga hao. Anayetaka habari ya uzazi mgumu asome Mwanzo 35: Raheli, mke wa Yakobo, alifia njiani kuelekea Efrathi akimzaa Benyamini, na mkunga yuko kando yake akimwambia usiogope. Nani atathubutu kusema Raheli alikosa imani?

Jumamosi moja alfajiri tuliletewa wodini kwetu mama aliyetoka kwenye kesha. Kichwa kilikuwa kimemuuma tangu Alhamisi, macho yanaona ukungu, na alikuwa ameombewa mara tatu. Presha ilikuwa 180 kwa 120. Kifafa cha mimba kilimshika kitandani kabla hatujamaliza kumwekea dripu. Tulimchoma magnesiamu, dawa ya bei nafuu ambayo utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, ikitolewa mapema kwa mama mwenye dalili za hatari, hupunguza uwezekano wa kifafa kwa nusu. Alipona. Mtoto hakupona. Mkononi alikuwa bado ameshika kichupa cha mafuta ya upako; nilikitoa kidole kimoja kimoja nikakifunga kwenye pindo la leso yake. Wachungaji, mama mjamzito akiwaambia kichwa kinauma na haoni vizuri, mwombeeni mkiwa ndani ya gari linalompeleka hospitali.

Je, ni dhambi kuomba dawa ya maumivu nikiwa leba? Mwanzo 3:16 inasema tutazaa kwa utungu. (Dada wa Umoja)

Si dhambi. Sura hiyohiyo inasema ardhi itazaa miiba na michongoma, na sijaona mkulima Mkristo akikatazwa kupalilia.

Odowa ina madini ya kuongeza damu? (N., Gikomba)

Hapana. Hamu ya kula mawe kama odowa mara nyingi ni dalili kwamba damu yako imepungua. Nenda ukapimwe, na zile tembe za madini ya chuma unazopewa kliniki zimeze kila siku badala ya kuzificha kabatini.

Ni kweli sindano ya pepopunda inafunga kizazi? (wengi)

Nimelijibu hili hadi kalamu imeisha wino. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki hapa Kenya walitilia shaka chanjo hiyo, na hofu ile haijaisha hadi leo. Ninawazalisha wanawake waliochomwa sindano hiyo, mimba ya pili, ya tatu, ya nne. Pepopunda humwingia mtoto kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, na mtoto aliyekakamaa kwa ugonjwa huo hawezi hata kunyonya. Chomwa.

Nililazwa chali, nikasukumwa tumbo kwa nguvu, nikakatwa chini bila kuulizwa, na mume wangu akazuiwa mlangoni. Ndivyo inavyotakiwa? (Mama Baraka, Githurai)

Hapana, na pole sana, mama. Ninayewakemea manabii siwezi kuwaficha wenzangu wa wodini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2018: mama achague mkao wake, awe na mtu wake wa kumshika mkono, asikatwe kwa mazoea, wala tumbo lisisukumwe ili mtoto atoke. Kitovu nacho kisubiri angalau dakika moja kabla ya kukatwa. Mengi tunayofanya ni desturi iliyovaa koti jeupe, na yule aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu anastahili kuulizwa kabla ya kuguswa. Mimba ijayo, uliza kliniki mapema: mwenzangu ataruhusiwa kuingia? Wakikataa na una pa kwenda, nenda kwingine.

Nina wiki 33, mtoto hajacheza tangu jana asubuhi. Ninywe soda baridi nisubiri? (bila jina)

Ujumbe huu niliuona siku mbili baada ya kutumwa, na sijalala vizuri tangu hapo. Msiniandikie jambo kama hili! Mtoto akipunguza kucheza, ondoka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama wiki iliyopita ulienda wakakuambia yuko sawa. Beba kitabu cha kliniki. Na wewe uliyeandika, tafadhali nitumie neno moja tu nijue mlifika.