RX 580 kwenye OptiPlex ndogo? Hapana

Umeuliza kama kadi ya michoro (graphics card) ya RX 580 itaingia kwenye kompyuta ndogo ya Dell OptiPlex. Haitaingia, mkuu. RX 580 peke yake inakula wati 185, wakati pawa saplai ya hizo OptiPlex SFF (zenye kasha dogo) za ofisini huwa ni wati 180 hadi 260 kwa mashine nzima, tena bila ule waya wa pini 8 wa kuipa kadi umeme. Na kasha ni jembamba, kadi ya kimo cha kawaida haisimami humo.

Chukua GTX 1650 ya GB 4, ile ya kimo kifupi isiyo na tundu la umeme. Sloti ya PCIe (pale kadi inapochomekwa kwenye ubao mama) inatoa hadi wati 75 na kadi hiyo inatosheka hapo hapo. Ila ikague kabla ya kutoa hela, maana ziko 1650 zenye tundu la pini 6, hizo ziache. RX 6400 nayo inaingia (wati 53 tu), lakini ina njia 4 tu za kupitisha data kwenye PCIe, kwa hiyo kwenye mashine za PCIe 3.0 (toleo la zamani) inapungua kasi. Mimi nilifunga 1650 kwenye mashine ya aina hiyo hiyo, gemu la GTA V linakwenda safi kabisa kwa 1080p. Kama RAM yako ni kijiti kimoja, ongeza cha pili kwanza.