"Nilimwona kwa macho yangu" haitoshi

Umeuliza inakuwaje mshtakiwa aachiwe huru wakati shahidi ameapa kwamba alimwona kwa macho yake. Inawezekana kabisa, na shahidi wala hajadanganya. Mtu anaweza kusema kweli ya moyoni mwake na bado akawa amemfananisha.

Kwa Tanzania, kesi inayotajwa kila siku ni Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya 1980. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, usitumike kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ndiyo maana shahidi huulizwa: ulimwona kwa muda gani? Umbali gani? Ilikuwa usiku? Na hapo kwenye mwanga ndipo kesi nyingi hufia. "Kulikuwa na taa" haisaidii. Taa ya aina gani, ilikuwa wapi, ikiangaza kiasi gani? Koroboi ya chumba cha pili si jua la saa sita.

Kingine, kama ulimfahamu, ulimtaja mapema? Ukikaa wiki mbili ndipo jina linakujia, mahakama inashtuka. Na kama humjui, lifanyike gwaride la utambulisho, yaani mshukiwa apangwe mstarini na watu wengine wanaofanana naye, nawe umchague. Kumnyooshea kidole mtu aliyesimama kizimbani peke yake, nani atakosea?

Uingereza nao walionya hivyo hivyo katika kesi ya Turnbull, 1976, wakaongeza kwamba hata ndugu na marafiki wa karibu watu huwafananisha.