Mwanangu, nywele zisubiri, lakini neno lile kaliseme

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwa simu ungelia, mimi ningeishia kukubembeleza, na ulichouliza kingebaki pale pale.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama nywele zako zitarudi kujikunja. Huko Dodoma, kwenye saluni uliyonyooshwa, walikwambia hiyo dawa ya keratini ni ya kulainisha tu, baada ya miezi mitatu inaondoka yenyewe. Miezi mitatu imepita, ukizilowesha bado zimelala, na za utosini zinakatika. Pili, umeuliza utaachaje kujilaumu, kwa kuwa kila ukipita kwenye kioo unajichukia, na usiku unafungua picha zako za zamani kwenye simu unazitazama hadi usingizi unapotea.

Kwenye nywele jibu langu ni fupi. Sehemu iliyokwisha kunyooka hivyo haitarudi. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai, hauna damu ya kuuponya. Umejengwa kwa protini, hiyo hiyo keratini iliyoandikwa kwenye chupa, na protini hiyo imeshikamana kwa vifungo vya salfa. Relaksa ya kawaida huvivunja vifungo hivyo moja kwa moja. Uliyowekewa wewe hufanya kazi kwa njia nyingine: hupakwa, hukaushwa kwa draya, kisha hupigwa pasi ya joto la karibu nyuzi 230 ili ishike. Dawa yenyewe kweli hutoka kidogo kidogo kwa kuosha, hapo hawakukudanganya. Lakini joto la namna hiyo likirudiwa rudiwa kwenye fungu lile lile la nywele linaweza kuiharibu protini yenyewe, na kilichoungua shampuu haikiondoi. Kwa unavyonieleza, naamini hicho ndicho kilichokupata.

Kwa hiyo acha kununua. Umenitajia mafuta ya nyonyo, nazi, maji ya mchele, na ile chupa ya bei mbaya uliyoagiza mtandaoni. Mafuta yanalainisha na yanapunguza kukatika, lakini hakuna yanayorudisha mkunjo. Katika kazi yangu hii ya ususi nimeona wanawake wengi wakipoteza hata nywele zilizobaki kwa haraka ya kusahihisha. Leo protini, kesho stimu, wiki ijayo mtu anamshauri aweke relaksa juu yake ili zilingane. Hilo la relaksa usithubutu, hata akikwambia nani. Nywele iliyokwisha choka kwa moto ukiitia dawa kali nyingine inakatikia mkononi.

Ambacho hakijaguswa ni kilicho ndani ya ngozi. Mkunjo wa nywele zetu unaanzia kwenye kile kitundu ambamo unywele unaotea, na kama ngozi ya kichwa haikuungua, kitundu hicho ni kile kile ulichozaliwa nacho. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, zetu pengine pungufu kidogo. Pitisha vidole utosini, karibu kabisa na ngozi. Hapo utakuta kipande kifupi chenye kipilipili, karibu urefu wa pingili ya kidole. Hicho ni kipya na ni chako, na kitaendelea kuja hivyo hivyo hata ukiwa umelala.

Kagua pia zinazobaki kwenye kitana. Zishike kwenye mwanga wa dirisha. Zenye kijivimbe cheupe upande mmoja zimetoka na mzizi, na mtu mzima mwenye afya hupoteza kati ya 50 na 100 za namna hiyo kwa siku. Zisizo nacho zimekatika njiani. Ukiona nyingi mno zimetoka na mzizi, au una vidonda kichwani, au pameanza kutokea sehemu tupu, usingoje ushauri wangu wala wa msusi mwingine yeyote. Nenda kwa daktari wa ngozi.

Kuhusu kukata, umesema unataka kukata zote Jumamosi hii. Nakuomba usikate mwezi huu. Kichwa kifupi hakitakuharibu, wewe mwenyewe unajua: ulinyoa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita kama wasichana wengi wa shule za serikali, na ulikuwa mzuri. Ila mkasi wa hasira huwa unakata zaidi ya ulichokusudia, halafu unakuwa na majuto mawili mahali pa moja. Subiri hadi siku utakayoweza kuzungumza habari za nywele zako bila sauti kubadilika. Siku hiyo ukisema kata, nitakata mimi mwenyewe kwa furaha.

Ukiamua kusubiri zikue, elewa kwamba pale nywele mpya inapokutana na iliyonyooka ndipo penye udhaifu, hapo ndipo zinapokatikia. Usisuke rasta nzito zinazovuta kichwa. Twende kilioni za kulegea zinatosha, tena usikae nazo wiki nyingi. Chana zikiwa zimelowa na zina kondishena, ukianzia kwenye ncha kupanda juu. Lala na kitambaa cha satini. Pasi na draya ya moto viweke mbali kabisa. Punguza ncha kidogo kila baada ya miezi miwili, na ile iliyoungua itaisha yenyewe bila wewe kusimama siku moja mbele ya kioo na kichwa usichokijua. Mengine ni uvumilivu, na huo unao.

Sasa nije kwenye lile swali la pili.

Katikati ya ujumbe wako kuna sentensi moja umeipitia haraka. Umeandika: "Niliona anachanganya dawa nikataka kumwambia basi, nikaona aibu." Mwanangu, hiyo ndiyo niliyokaa nayo. Nadhani usiku unaposhindwa kulala, nywele ni sehemu tu ya kinachokuamsha. Kinachorudi ni ile dakika ulipotaka kusema hapana ukanyamaza.

Nataka ujue ninavyoijua dakika hiyo, kwa sababu naiona kutoka upande wa pili wa kiti. Mteja amekaa. Kichwa kimeshaoshwa, maji yanamchuruzika shingoni, ana taulo mabegani. Kwenye benchi wapo watu wanasubiri zamu. Bei mmeshaelewana. Dada wa saluni anamwita mrembo, anamwambia hii itakupendeza, anaongea huku mikono inafanya kazi. Mteja anaanza kusita, nayaona mabega yake yanapanda. Nikimuuliza "tuendelee?" anajibu "sawa tu" kwa sauti ya chini. Hiyo "sawa tu" mimi huwa siichukulii kuwa ni ndiyo. Naweka bakuli chini, namuuliza tena, na kama bado anasita namfunga kilemba aende akafikirie. Ni kazi ya aliyeshika dawa kuuliza mara ya pili. Mtu aliyekaa na kichwa kilicholowa, aliyelelewa kuheshimu kazi ya mwenzake, kumtaka asimame mbele ya watu aseme nimeghairi ni kumdai jambo zito sana.

Na wewe hukwenda pale kwa ujinga. Rafiki yako alikuwa anaolewa, ulitaka upumzike na kuchana kwa saa nzima kila alfajiri kabla ya kazi, na aliyekuuzia huduma alikwambia ni ya miezi mitatu. Uliamini neno la mtu kuhusu kazi yake, kama unavyomwamini fundi cherehani au dereva. Hayo ya nyuzi 230 umeyajua baadaye. Anayekuhukumu leo, hata kama ni wewe mwenyewe, anakudai ungejua jambo ambalo siku ile hukuambiwa. Wapo watakaokwambia majuto ni mjukuu. Watakuwa wamesema kweli, lakini haitakusaidia chochote.

Nina mteja anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Alinyooshwa nywele mahali pengine, zikakatika upande mzima wa kushoto. Alikuja kwangu amejifunga kitenge hadi kwenye nyusi, akaomba nimhudumie bila kumgeuzia kioo. Tulikwenda hivyo muda mrefu, nywele zinaota vizuri, lakini yeye bado hajioni. Siku moja akaniambia amekwenda kwenye ile saluni, amekaa na mwenye saluni, amemweleza yaliyompata tangu mwanzo hadi mwisho bila kutukana. Hakurudishiwa hela. Lakini siku hiyo aliketi kwangu akajigeuza mwenyewe kwenye kioo. Nywele zilikuwa zile zile za wiki iliyotangulia.

Ndiyo maana nakwambia, nywele ziache zisubiri, hilo ni lao. Lile neno ulilolinyamazia bado unaweza kulisema. Nenda kwenye ile saluni, siku ambayo hakuna watu wengi. Usimfokee yule binti aliyekushikia pasi. Na hapa sikuombi umwonee huruma kwa sababu mimi ni msusi. Fikiri kilichokuwamo kwenye ule moshi. Umeniambia macho yaliwasha na ukakohoa kwa saa ile moja. Yeye yumo ndani ya moshi huo kutwa, pengine hata hajawahi kuambiwa ni kitu gani.

Nyingi ya dawa hizi zina fomaldehaidi, au zina kitu kinachoitoa zikipata moto. Ni kemikali ile ile inayotengenezewa fomalini wanayohifadhia maiti. Mwaka 2004 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Zilizoandikwa kwamba hazina fomalini mara nyingi zimewekwa glyoxylic acid, nayo si ya kuamini: mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa waliripoti habari za mwanamke aliyeumia figo mara tatu, kila mara baada ya kunyooshwa kwa dawa yenye asidi hiyo.

Najua ukisoma hivyo utaanza kujipapasa tumbo. Tulia. Marekani mwaka 2022 ulitoka utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Makadirio yao ni kwamba kati ya wasiotumia dawa za kunyoosha, asilimia 1.64 watapata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70, na kwa wanaozitumia mara kwa mara ni asilimia 4.05. Hao wa mara kwa mara ni waliozitumia zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja. Tena utafiti uliona uhusiano, haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Wewe umefanya mara moja. Usirudie, basi. Ninayemwogopea ni yule binti, na wenzake wote wanaofanya hivyo katika vyumba visivyo na dirisha.

Kwa hiyo ukienda, mwambie mwenye saluni mambo haya kwa sauti yako ya kawaida: kwamba ulisita na hukuulizwa, kwamba uliambiwa miezi mitatu na haikuwa hivyo, na kwamba nywele zinakatika. Kisha omba kuiona chupa. Tafuta maneno formaldehyde, formalin, methylene glycol au glyoxylic acid. Kama chupa haina lebo, au lebo imebanduliwa, hilo nalo ni jibu. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na una haki ya kupeleka taarifa kwao. Ukitetemeka wakati unaongea, tetemeka, endelea kuongea. Hata wakikujibu vibaya utakuwa umelisema.

Zile picha za zamani usizifute. Nitumie mimi zote, kisha uzitoe kwenye simu yako. Zikikaa kwangu huku Mwanza hazitapotea, na usiku hutazifikia. Utakapozihitaji utaniomba. Na kulia ukitaka kulia, lia. Nywele zile ulizikuza tangu ulipomaliza shule, ulizilea kwa mikono yako, na hakuna mtu mwenye haki ya kukwambia ni nywele tu.

Likizo yako ikifika njoo. Chukua basi la asubuhi, usije na la usiku. Saluni nafunga Jumatatu, siku hiyo kiti ni chako. Tutaosha, tutapima kipande kipya kimefika wapi, na kama utakuwa umekwisha kuamua kukata, mkasi upo.

Baba yako anakusalimu. Anasema amekuwekea sato.

Ukishaipata ile chupa, ipige picha pande zote mbili unitumie kabla hujazungumza na mtu wa TBS. Nataka niisome kwanza.

Mama yako,
Kirumba, Mwanza